Plasta ya Mkono wa Wifi Hawa

Mheshimiwa diwani, daktari mfawidhi, mchungaji wetu, shehe wetu, wauguzi, wageni waalikwa, na nyie wenzangu wa sokoni mliosikia kuna pilau: wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu kwa Kisambaa chetu, onga mshi.

Mimi ni Mwanahamisi, nauza karoti. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo sina karatasi ya kusoma. Nimeambiwa niseme kidogo kwa niaba ya tuliouguza hapa, maana leo tunamuaga Sista Klara, anastaafu. Mnacheka eti mimi na kidogo? Haya, chekeni.

Mwaka juzi wifi yangu Hawa, yule pale mwenye mtandio wa njano, alilazwa hapa, nikamuuguza mimi. Wakamwekea kanula mkononi, kile kimpira kinachoingia kwenye mshipa kupitisha dripu, juu yake plasta. Sista Klara hakigusi kabla hajanawa. Anapaka spiriti, anasubiri ikauke. Kila asubuhi anauliza, "Hiki bado tunakihitaji? Kama hatukihitaji nikitoe." Akanigeukia: "Mama, plasta usiishike. Hapo ndani ni damu moja kwa moja."

Sasa si mnatujua sisi kwa kuona wagonjwa? Wanatoka Bungu, wanatoka Mponde, wamejaa kitanda. Mtu katoka mbali hivyo, utamwambia tu mgonjwa hajambo? Mimi nikawa nawaonyesha. Nabandua plasta kidogo, "Oneni, kimezama mpaka ndani!" Wanaguna, "Mh! Pole mwaya!" Narudishia kwa vidole vilevile vilivyomenya ndizi. Siku moja nilionyesha watu saba.

Kesho yake Hawa akatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Sista akatazama mkono: mwekundu, una usaha. Akakitoa kimpira, akamwita daktari, damu ikapelekwa maabara. Vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Siku kumi na moja hatukujua tutarudi naye anatembea au tumembeba.

Sista akauliza, "Nani amefungua plasta?"

Nikasema, "Labda imebanduka yenyewe."

Ningeishia hapo basi! Sokoni nikasema sindano ya Klara ilikuwa chafu. Huyu kamwambia yule, maneno yakafika ofisini, mama wa watu akaitwa kujieleza, akatolewa wodini miezi miwili. Naye alijua ni mimi, aliviona vidole vyangu vina gundi ya plasta. Mbona hakunitaja? Jana nimekwenda kumuuliza. Akanijibu, "Ningekutaja, ndugu zake wangekufukuza pale kitandani. Hawa angebaki na nani?"

Wifi, usiniangalie hivyo. Ndiyo, ni mimi. Uongo nimeutangaza sokoni kwa sauti kubwa, ukweli niuseme kwa kunong'ona? Sindano haikuwa chafu. Mikono yangu ndiyo ilikuwa chafu. Kaelezeni hivyohivyo Bungu na Mponde, na safari hii mkiongeza chumvi sitagomba.

Nanyi mkija kuona mgonjwa, naweni, kaeni, mpeni maneno mazuri. Kimpira kiacheni, hakina habari ya kuwapa.

Sista Klara, miaka thelathini na nne umenawa mikono kwa ajili ya watu wa milima hii, na mmoja wao akakupaka matope. Nisamehe, dada yangu.

Asanteni kwa kunivumilia. Sasa wifi Hawa, najua una la kuniambia. Njoo, kipaza sauti hiki hapa, mimi nakaa.