Don Eleuterio Anaacha Sufuria la Shaba

Basi, kama nilivyokuwa nasema kabla yule mama wa jibini hajanikatiza, Don Eleuterio anastaafu leo kwa mara ya tatu. Ya tatu, jamani! Miaka thelathini na moja kwenye sufuria la karnitas, nyama ya nguruwe inayoiva ndani ya mafuta yake, hapa soko letu la Dos Garzas, tangu Januari ya tisini na nne mpaka leo Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Keki mbili za kumuaga tumeshazila, na mara zote mbili Jumatatu yake tukamkuta kavaa aproni, kashika mwiko, anatuuliza mnashangaa nini.

Hii naiandika hapa hapa kaunta namba mbili, kati ya mteja na mteja, maana mwenye soko anataka isomwe saa sita tukikata keki ya tatu. Kaniambia, "Chayo, wewe ndiye mwenye maneno, andika wewe." Sawa. Mkikuta kosa, limezeni na soda.

Don Eleuterio hakuja hapa kupika. Alikuja kutoa miiba kwenye majani ya dungusi, kule nyuma kwenye mboga, na koti lake moja jembamba kwa baridi ya Chicago. Wiki ya pili mpishi wa karnitas wa siku zile akagombana na mwenye soko, akavua aproni akaondoka, na nguruwe mzima yuko mezani. Mwenye soko akashika kichwa. Don Eleuterio, kwao mji wa Quiroga, ambako mtoto anajua kukaanga nyama kabla hajajua kusali, akafuta mikono akasema, "Nipeni machungwa mawili na mniondokee hapa."

Saa sita ya siku ile foleni ilitoka kwenye sufuria, ikapita pilipili kavu, ikapita mishumaa ya watakatifu, ikatoka mlangoni kwenye theluji. Haijakatika mpaka leo. Mnaijua wenyewe. Mtu anatoka kanisani, anachukua namba yake, ananunua ratili mbili, totiya za moto, vile vichapati vya mahindi, kotimiri, ndimu, halafu anasema anapeleka nyumbani. Nyumbani wapi! Anakaa kwenye zile meza nne karibu na mashine ya totiya, anasema anaonja kidogo tu. Meza ya tatu peke yake imetoa ndoa mbili, na talaka moja ambayo wenyewe mnaijua sitaitaja.

Na ule mwaka umeme ulipokatika mtaa mzima? Sisi tunalialia maziwa yataharibika, yeye kalitoa sufuria nje kwenye maegesho ya magari, kawasha moto wa kuni katikati ya theluji, anapika na kofia ya manyoya kama dubu. Watu walikuja na mabakuli na blanketi. Ikawa sherehe. Padri alikuja kuuliza nani kafariki, akaondoka na sahani.

Lakini kitu kilichomfanya apendwe ni ile totiya ya kuonja. Kwake hakuna anayenunua kabla hajaonja. Anakata kipande, anakukunjia kwenye totiya ndogo, anakupa mkononi, anakutazama usoni mpaka umeze. Wote tulisema, huyu mzee ana mkono wazi. Sasa leo nawaambia, na ameniruhusu mwenyewe, sijamsengenya. Mkono wazi alikuwa nao, ndiyo, lakini ile miaka minne ya mwisho kulikuwa na jambo jingine.

Don Eleuterio haonji wala hanusi. Ile homa kubwa iliyomlaza wiki tatu iliondoka na pua na ulimi wake, havikurudi tena. Nilijuaje? Asubuhi moja nilimpelekea kahawa, nikakosea nikatia chumvi badala ya sukari, vijiko viwili, yake na yangu. Kaimaliza yote. "Asante, Chayo, tamu kweli." Mimi nilikuwa nimeshaonja yangu nikaitema kwenye sinki. Nikamtazama, naye akanitazama, akajua nimejua. Akaniambia polepole, "Mpishi asiyeonja ni nani, Chayo? Ukisema, nimekwisha." Na mimi, ulimi huu mnaoujua ninyi, niliufunga miaka minne. Mniheshimu.

Alipikaje? Kwa masikio. Anajua mafuta yanavyolia nyama ikiwa mbichi na yanavyonong'ona ikiiva. Na chumvi aliipata kwenye nyuso zenu. Mtu akitafuna akatazama juu, imepungua kitu. Akitafuna akatazama chini kutafuta kipande kingine, imefika. Ndiyo maana hakuacha kuwaonjesha hata siku ya foleni ya watu mia.

Na kipimo chake kikubwa ni Doña Hermelinda wa ghorofa ya juu ya duka la viatu, anayekuja kila Jumamosi saa nne na kitoroli chake cha magurudumu matatu na nusu. Wageni msiomjua, sikilizeni. Doña Hermelinda kalelewa kwa adabu ya zamani. Chakula kikiwa kibaya anakusifu ili asikuumize. Anafuta mdomo anasema, "Asante mwanangu, nzuri sana," anakwenda zake na vitunguu vyake. Hapo Don Eleuterio anarudi jikoni mbio. Lakini ikiwa imekaa sawasawa, uh! "Eleuterio, mshenzi wewe! Unataka kuniua na mishipa yangu hii? Huna mama? Nipimie ratili mbili!" Siku akitukanwa hivyo, mzee anapiga mluzi mpaka tunafunga.

Sasa kwa nini keki mbili tulizila bure? Kwa sababu alisema hataliacha sufuria la shaba mikononi mwa mtu ambaye Doña Hermelinda anamshukuru. Bega lake limekwisha, daktari kamwambia, kugeuza mwiko ule ni kama kupiga kasia kwenye uji. Bado anang'ang'ania. Mrithi wa kwanza alitumbukiza vyote pamoja, mbavu, bega, ngozi, masikio, kama anaogesha watoto. Mtoto wa Quiroga anajua kila kitu kina zamu yake, ngozi inaingia mwisho. Doña Hermelinda alionja, akasema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Tukajua tumekwisha. Wa pili alipika vizuri, sikatai, lakini akafuta totiya ya kuonja. Alisema watu wanashiba bure. Doña Hermelinda alinyoosha mkono, ukabaki hewani. Akaurudisha taratibu kwenye shali yake, akageuza kitoroli, hakuja wiki tatu. Wiki ya nne Don Eleuterio alipanda ngazi zile zote kumwomba radhi, goti moja likilia kila ngazi, na bega hilo hilo kabeba bakuli.

Wa tatu ni Nereida. Mnamfahamu, yule wa maji ya matunda, ukwaju na tikiti, miaka sita kwenye mitungi ile ya vioo. Aliposema anataka kujifunza, wauza nyama walicheka. "Karnitas ni kazi ya wanaume, dada, utaunguza sketi." Don Eleuterio hakuinua kichwa. "Sufuria halijawahi kuniuliza nimevaa nini," akasema, akampa mwiko. Miezi minane sasa. Anamfumba macho kwa kitambaa anamuuliza, "Mafuta yanasemaje?" Na Nereida anajibu, "Yanataka moto upungue, Don." Chumvi hajawahi kumfundisha. Anamwambia, "Hiyo kawaulize wao," anamwonyesha foleni.

Basi leo sufuria lote ni la Nereida, tangu kuwasha moto alfajiri. Don Eleuterio hajaligusa. Kakaa pale kwenye ndoo ya maharage iliyogeuzwa, shati jeupe, mikono kaikalia asije akasahau akashika kitu. Tiketi ya Quiroga iko mfukoni, Jumanne, dada yake ameshampangia chumba chenye dirisha linalotazama milimao. Lakini ameapa mbele yetu. Doña Hermelinda akisema asante, tiketi anaichana, Jumatatu mtamkuta na aproni, bega litajua lenyewe. Akitukana, atafanya jambo ambalo hajalifanya miaka thelathini na moja. Atachukua namba, apange foleni, akae mezani kama mteja.

Kitoroli nimekiona kikipita hapa dakika mbili zilizopita. Naandika jicho moja likiwa kule kwenye sufuria, samahani kwa mwandiko.

Nilipomuuliza kama kweli niandike habari za ulimi wake, alisema, "Andika, Chayo. Wajue miaka minne hii walikuwa wanapika wao, mimi nilikuwa nageuza tu." Basi nimeandika. Don Eleuterio, asante kwa kila totiya uliyotukunjia, asante kwa moto ule wa kwenye theluji. Ukienda, nenda ukae chini, upikiwe na wewe. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizonuka mafuta, ingawa wewe hunusi, na watu wa kutazamwa usoni wasikosekane huko kwenu. Na ukikumbuka kahawa yangu ile, unisa...

Wananiita kutoka nyuma. Nawaandikia kama nilivyosikia: "Chayo! Chayo wee, tupa kalamu uje! Doña Hermelinda anamtukana Nereida mpaka mama yake mzazi, na mzee keshachukua namba!"