Siku Zangu Zilikoma Nikapewa Hongera

Mama mwenyekiti, wamama wenzangu, wasichana wa mazoezi mliokaa mbele na viatu vyenu vya rangi, na wazee watatu mlioingia mkidhani hapa ni kikao cha harusi: nawasalimu kwa jina la Yesu. Wazee, harusi ni ukumbi wa pili. Lakini mkitaka kubaki, bakini, kwa sababu nitasema mambo ambayo wanaume wa upande huu hukohoa wakiyasikia, na leo sitangoja mtu amalize kukohoa.

Wiki jana msichana mmoja aliuliza hapa kama mkimbiaji mkubwa anaweza kufanya mazoezi bila kocha. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Wengine mkasema kocha ni mzazi, ukimwacha umejilaani. Wengine mkasema siku hizi simu inafundisha kila kitu, kocha ni wa nini. Mama mwenyekiti akanipigia, akaniambia, "Wewe umeishi pande zote mbili. Njoo useme." Basi nimekuja. Sitataja jina la mtu, anayejijua atajijua.

Mimi ni mtoto wa Kabazi. Kwetu ni viazi, mahindi na ng'ombe wawili. Nilianza kukimbia kwa sababu nilikuwa nachelewa shule, si kwa sababu ya talanta. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nimeshinda mbio kadhaa, na kocha mmoja akaja nyumbani amevaa koti safi. Akaketi na babangu, akanywa chai, akasema maneno matamu. "Mzee, nipe huyu msichana. Kuanzia leo mimi ndiye baba yake." Babangu ni mtu mpole, akampa mkono. Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo napandwa na hasira. Baba nilikuwa naye. Nilichokosa ni mtu wa kunifundisha mbio.

Kambini tulikuwa wasichana kumi. Kila Jumamosi tulipimwa uzito. Mnaijua ile mizani ya kuning'inia, ya kupimia magunia ya viazi? Ndiyo hiyo. Ilifungwa kwa kamba kwenye boriti ya banda. Unashika ndoano kwa mikono miwili, unakunja miguu, unaning'inia hapo mbele ya wenzako huku yeye anasoma. Ukiongezeka hata kidogo, jioni ugali hupati, unapata mboga na chai isiyo na maziwa. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambi cha kuikata ile kamba, lakini hakuna aliyewahi kumwambia aning'inie.

Jikoni kulikuwa na dada mmoja mpishi, mtu wa Magharibi mwa Kenya, na kwake ugali mdogo ni matusi. Alikuwa anatufichia bonge la ugali chini ya sukuma wiki. Kocha alipogundua, alimfukuza siku hiyo hiyo, mchana, sisi tukiangalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Hilo nalitubu mbele yenu, kwa sababu nilikuwa nimeshakula ule ugali.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, siku zangu zikakoma. Hedhi, wamama. Mzee mmoja ameanza kukohoa, nilisema mimi. Nilingoja mwezi mmoja, miwili, mitatu. Nikamwendea kocha, nikamwambia. Akacheka, akanishika mkono. "Hongera," akasema. "Sasa umekuwa mkimbiaji. Hizo ni kazi za wamama wa nyumbani." Wasichana wakubwa wakanipigia makofi, maana zao zilikoma zamani. Na mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilitembea kambini kifua mbele kama mtu aliyepita mtihani. Ni hiyo furaha yangu inayoniuma kuliko yote aliyonifanyia.

Desemba nilienda nyumbani nikamwambia mamangu. Mama, najua umeketi pale karibu na mlango, na tumeshaongea mimi na wewe, kwa hivyo nisamehe nikisema. Mama hakuuliza kitu. Alichukua leso yake tukashuka mpaka kliniki, nikapimwa mimba. Haikuwepo. Mama akamshukuru Mungu hapo hapo kwenye benchi, akaninunulia soda, tukarudi. Hakuuliza tena. Msichana akikosa siku zake, sisi wote tuna swali moja tu: ni ya nani? Tukijua si ya mtu, tunaenda kupalilia mahindi. Hakuna anayeuliza, sasa kama si mimba, ni nini?

Mwaka wa tatu ndio niliondoka. Mwenzetu mmoja alizimia kwenye mbio za Ijumaa. Jumamosi bado hana nguvu, kocha akamwambia ashike ndoano. Mikono ikateleza, akaanguka na mgongo. Kocha hakumsogelea hata. Akasema, "Arudi, sijasoma." Sijui ulimi ulitoka wapi. Nikasema, "Kocha, huyu ni mtu, si kiazi." Akasema polepole, "Panga vitu zako uende. Ukimbie bila mimi tuone."

Nikaenda, na nikaapa kwamba kocha sitakuwa naye tena maishani.

Nilipokewa na nani? Na yule mpishi. Alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua, amepanga chumba kimoja Karagita, kule Naivasha. Nilimpata kwa simu, nikamwomba siku mbili tatu. Akaniambia, "Kuja tu, dadangu. Kitanda ni kimoja lakini sisi si wanene." Mtu niliyemnyamazia akifukuzwa. Angeniambia nilale barabarani ningekuwa sina neno.

Sasa wale wa simu, hapa ndipo penu. Nilipata saa ya mkimbiaji, nikapata programu kwenye simu, nikaanza kujifundisha mwenyewe. Asubuhi nikitoka, watu wa boda boda wananisalimia, "Niaje, champ!" Nilijiona huru. Lakini jamani, sikilizeni nilichofanya na uhuru wangu. Nilinunua mizani. Jambo la kwanza kabisa. Nikaiweka chini ya kitanda, nikawa najipima, si Jumamosi tu, kila siku. Programu ikisema kilomita ishirini, mimi nakimbia ishirini na tano. Ikisema pumzika, nasema hii simu haijui mimi ni nani. Dada anapika ugali na omena, mimi nakula vijiko vitatu nasema nimeshiba. Alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akasema, "Yule mzee ulimwacha kambini, ama ulikuja naye?"

Nikamkasirikia. Siku mbili sikuongea naye, na kitanda ni kile kimoja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwacha kocha nikabaki na ukali wake, na afadhali yeye alikuwa analala, mimi nilijisimamia mchana na usiku. Kibaya zaidi, nilishinda. Nilishinda mbio moja ndogo Naivasha, na nikaanza kumwambia kila mtu kwamba makocha ni wezi wa sifa, mkimbiaji wa kweli anajitosha. Kuna wasichana waliacha kambi zao kwa sababu ya mdomo wangu. Kama wako hapa, naomba msamaha.

Muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Nikaupaka dawa ya kuchua, nikakimbia. Ukauma zaidi, nikaufunga kitambaa, nikakimbia. Kama ningekuwa na mtu mmoja tu, hata asiyejua chochote kuhusu mbio, mwenye ruhusa ya kuniambia leo lala, mguu ungepona. Sikumpa mtu ruhusa hiyo. Asubuhi moja nikiteremka kwa spidi, nikasikia mlio, kama mtu amevunja ukuni mkavu. Nilidhani ni kitu nimekanyaga. Nikapiga hatua nyingine, nikaanguka, nikaona mguu umekaa vibaya. Kijana wa boda boda na mwenzake walinibeba mpaka hospitali, nikiwa nimekaa katikati yao nalia. Mungu awabariki, hawakunilipisha.

Hospitalini nilipata daktari mwanamke, mdogo kwa umri kuliko nilivyotarajia. Aliangalia picha ya mfupa kwa muda mrefu. Akauliza, "Uligongwa na gari?"

"Hapana, nilikuwa nakimbia."

Akaangalia tena. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kukimbia hakuna mtu alikuwa ameniuliza. "Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?"

Nikahesabu kwa vidole. "Karibu miaka minne."

Akaweka kalamu chini. "Na nani alijua?"

"Kila mtu," nikasema. "Nilipewa hongera."

Wamama, yule daktari alikasirika. Hakunikasirikia mimi. Alivuta kiti akakaa, akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Kwamba ukiupa mwili kazi nyingi na chakula kidogo, mwili unaanza kuzima vitu ili uishi. Unazima hedhi. Zikizimwa muda mrefu, mifupa inakosa nguvu. Akasema, "Mfupa wako ni wa mwanamke wa miaka sabini. Mwili ulikuonya kila mwezi, miaka minne, na watu wakapiga makofi." Nililia kuliko nilivyolia njiani. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na hakuniahidi kwamba nitakimbia tena. Hakuniahidi hata kwamba nitazaa.

Nilirudi Karagita na plasta mpaka pajani. Dada akaniangalia mlangoni, akaingia chini ya kitanda, akatoa ile mizani akaenda kuiuza kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Hakuniuliza. Kisha akapika. Ugali, mrenda, omena, maharagwe, ndizi, mayai akipata. Kabla aende kazini ananiwekea sahani, akirudi anaikagua. Miezi ya kwanza nilikula nikilia, kwa sababu kila kijiko nilikuwa nasikia naharibika. Anakaa karibu nami kwenye kitanda anasema, "Kula ukilia, hakuna shida. Mdomo unafanya kazi zote mbili."

Plasta ikatolewa. Daktari akasema nitembee, nisikimbie, mpaka siku zangu zirudi. Nikangoja miezi tisa. Asubuhi moja nikiwa kwenye choo cha ploti, watu wamepanga foleni na ndoo nje, nikaona damu. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka. Dada akaja mbio na unga mikononi. "Zimekuja?" "Zimekuja." Wapangaji wa ploti ile wana hadithi mpaka leo, ya wanawake wawili walioshikana wakicheza nje ya choo saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa jibu langu kwa lile swali. Bila kocha? Hapana. Nilijaribu, nikajivunja mguu mwenyewe. Lakini ninyi mnaosema kocha ni baba, hapana pia, na kwenu nina hasira zaidi. Mnampa mtu msichana mzima kama mtu anayetoa mbuzi, halafu mnaogopa kumuuliza swali. Kocha wangu wa sasa, mwalimu mstaafu hapa Nakuru, sikumwomba anichukue. Nilienda na dada, tukamkalisha, tukamuuliza sisi. Nikasema, "Mwalimu, siku nikikuambia leo sikimbii, utafanya nini?" Akasema, "Nitakuuliza kwa nini. Ukinijibu, utaenda kulala. Usiponijibu, pia utaenda kulala, tutaongea kesho." Nikamuuliza juu ya hedhi. Aliona haya, nilimwona, lakini akasema, "Hayo siyajui vizuri. Nipeleke kwa daktari wako anifundishe." Mzee wa miaka sitini na kitu, akaenda. Akakaa kwenye foleni ya kliniki ya akina mama na daftari lake.

Mwezi uliopita nilikimbia nusu marathoni. Nilimaliza wa nane, kwa muda ambao sijawahi kuufikia, na nilikuwa na siku zangu. Sijawahi kushinda kitu kikubwa kuliko hiyo nafasi ya nane.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru vijana wa boda boda, na daktari aliyeuliza. Namshukuru Mama, ambaye sasa hupiga simu kila mwezi kuuliza, hata nikiwa na aibu. Dada yangu, simama wakuone. Simama, usijifiche. Huyu ndiye aliyefukuzwa kwa kosa la kutulisha.

Yule wa mizani bado ana kambi. Nimeambiwa ametembelea nyumba mbili za watu walio humu ndani, na Jumatatu kuna wasichana wanaondoka. Wewe mama mwenye msichana wa kuondoka Jumatatu, usimtume yeye na baba yake peke yao. Nenda wewe. Mwulize yule kocha, mbele ya wasichana wote, "Mwanangu akikosa siku zake utafanya nini?" Akikuambia hayo ni mambo ya wanawake, mwambie ndiyo, ndiyo maana nimekuja. Kisha chukua begi la msichana, umshike mkono, mrudi nyumbani.