Maradhi ya Eliudi, Fundi Rangi

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa pembeni mwa soko la Kiboriloni, Kornel muuza mitumba alishika kikombe asikinywe. Rafiki yake Eliudi, fundi rangi wa Mwika, alikuwa hajaonekana wiki saba. Kabla ya hapo alikaa siku nne bila usingizi, ana furaha ya kutisha: akapaka banda la ng'ombe rangi ya njano, akampaka na ng'ombe kidogo, akatangaza atajenga lifti ya kufika kilele cha Kibo. Kisha akajifungia ndani, hasemi, hali. Jambo hilo lilimuuma Kornel, wenzake liliwanogea.

— Harufu ya rangi imempanda kichwani, alisema Wenseslaus, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliuza dawa za kuogeshea ng'ombe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa unaingiaje hapo? aliuliza Kornel.

— Kwani rangi inapakwa wapi?

— Acha hizo, alidakia mzee Elisaria, maarufu kama Waziri kwa kupenda matamko. Ni mlima! Theluji ikipungua, baridi inakosa pa kukaa, inawaingia watu. Eliudi yuko jirani, imeanza na yeye.

— Na ile furaha? aliuliza Kornel.

— Baridi ilikuwa inachagua chumba!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Kornel naye alicheka, kisha akajichukia.

— Au pombe ya mbege, alisema Daktari. Ya arusi inakupandisha, ya msibani inakushusha. Jamaa alichanganya.

— Basi anywe ya kipaimara, iko katikati! alidakia Waziri.

Mtu mmoja aliyejifunika kofia ya koti alipokea kikombe nyuma yao.

— Shikamoo, Waziri.

— Marahaba, kija…

Mzee akageuka, nusura aanguke. Alikuwa Eliudi, amekonda, mashavu yameingia ndani.

— Nina swali dogo tu. Wiki saba zote hizi, mbona hakuna aliyekuja kuniuliza mimi?

Daktari alitafuta methali, akaikosa. Kornel, uso ukimwaka, akasogea kumpisha.

— Niliogopa, ndugu yangu. Leo nauliza. Ilikuwaje?

Eliudi akakaa.

— Nilipopanda, sikuhitaji usingizi wala ushauri wa mtu. Niliposhuka, hata kunawa uso ni mzigo. Kuna siku nilitamani nisiamke. Kliniki wanasema ni ugonjwa mmoja wenye pande mbili, na kwetu uko kwenye ukoo. Baba mkubwa alikuwa nao, tukamwita mkorofi. Sasa nina vidonge vya kila siku, hata nikijiona mzima. Naongea na nesi. Na mke wangu Aikande ananilaza saa tatu kama mtoto.

— Utapona? aliuliza Kornel taratibu.

— Wanasema unatulizwa, unaishi nao. Leo nimeteremka mwenyewe. Juzi nisingeweza.

Kornel akamshika bega.

— Jumapili tunapanda Mwika kukuona. Wote.

— Njooni mmoja mmoja, jamani. Mkija kwa pamoja na hizo nadharia zenu, kliniki wataniongezea dozi!

Akacheka yeye kwanza, na benchi zima likamfuata.