Bwana Mistari, Aliyesimama Peke Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kuomboleza nasi, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Mistari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji, alimaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1983 aliajiriwa kuwa dereva wa gari la mikate, kazi aliyoifanya katika bekari ile ile mpaka mwisho. Alifunga ndoa mwaka 1987, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa pamoja na mama yao.

Jina la Bwana Mistari alipewa na madereva wenzake, kwa sababu alisimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, na kwenye kila kivuko chenye mistari myeupe alipomwona mtu ukingoni, huku nyuma honi zikilia na watu wakimuuliza kama anasubiri malaika wavuke. Shemeji alizoea kusema kwamba mikate ya mumewe hufika imepoa lakini haijawahi kufika na damu, utani ambao siku hizi akiuanza haumalizi.

Tarehe 9 Agosti 2011, kwenye kivuko kilicho mbele ya bekari, alisimama, akampungia mkono jirani yetu muuza mboga avuke, na gari lililokuwa nyuma yake likampita ubavuni na kumgonga yule mama, ambaye alikatwa mguu. Wapo waliomwambia marehemu usoni kwamba asingejifanya kusimama, mama wa watu angebaki na miguu yake miwili, na tangu siku hiyo hakumpungia mtu mkono tena, bali alivuta breki, akashuka, akasimama mwenyewe ubavuni mwa gari, pale wengine wanapopenya, mikono ameinyoosha, mpaka mtu avuke. Tulimsihi aache, tukamwambia barabara si ya baba yake, shemeji akalia, naye akatuuliza tunataka amwache nani agongwe.

Ndivyo alivyogongwa asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu, akimvusha mama mwenye mtoto mgongoni, ambao walivuka salama. Aliyemgonga hakusimama. Marehemu alilazwa akiwa amevunjika nyonga na mbavu, hali ikazidi kuwa mbaya, akafariki tarehe 19.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake wa bekari, majirani wote, na kwa namna ya pekee mama muuza mboga, aliyekuja wodini kila alasiri kwa magongo yake na ambaye hajawahi kumlaumu.

Jana tulipomtoa mochwari, msafara wetu uliwasha taa zote, ukapiga honi, ukapita kivuko kile kile bila kupunguza mwendo, wanafunzi waliokuwa wameanza kuvuka wakaruka kurudi nyuma, na gari la mbele kabisa ndilo lililombeba yeye. Kama hata sisi tunaomlilia tulipita, hatujui tena tumwombe nani. Njia ya makaburini inapita hapo hapo. Madereva, tunawasihi, msimame, kama kuna mtu na hata kama hakuna.

Kaka yetu, umesimama vya kutosha. Lala sasa, upumzike kwa amani.