Fungu la Kwacha Tano la Soko la Mulombwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Waziri wa Fedha. Wakubwa mlioketi na jamaa mliosimama juani: sisi wauza mboga wa Soko la Mulombwa tunakupigia makofi tukiwa tumepiga magoti, kama tulivyolelewa. Karibu sana.

SHUKRANI

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mgodi ulipopunguza zamu na waume zetu wakarudi nyumbani na helmeti mkononi, wengi walidhani soko hili litakufa. Serikali yako ikatuezekea paa, ikatusamehe ushuru miezi sita. Mvua ya Januari ilitukuta wakavu, na hilo hatutalisahau.

HISTORIA YETU

Hapa hatujui mizani. Tangu mama zetu, tunauza kwa mafungu, na mnunuzi huongezwa mbasela, nyanya moja ya udugu. Kumpandishia jirani bei kwetu ni sawa na kumfungia mlango usoni.

MAFANIKIO

Jumatatu ulisema redioni kwamba wanaodai uchumi umeanguka waje Mulombwa: fungu la nyanya bado kwacha tano, kama miaka miwili iliyopita. Leo umetuletea na cheti cha pongezi. Tulipopata habari tulipiga vigelegele, isipokuwa Mama Kasuba wa meza ya kwanza. Kila mwezi Bwana Simfukwe, karani wa takwimu, huanzia kwake.

"Fungu bei gani, mama?"

"Ileile, kaka. Tano."

"Mbona leo limenywea?"

"Kwani daftari lako lina mahali pa kunywea?"

"Halina."

"Basi andika tano, upishe wateja!"

Wakacheka, akaandika. Karani hana kosa, Mheshimiwa. Ni sisi tuliopunguza nyanya, moja moja, kutoka saba hadi tatu, kwa kuwaonea haya majirani. Mbasela tuliiacha mwaka jana.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita shule ilipata barua: uji wa asubuhi utakoma mwisho wa mwezi, kwa kuwa Mulombwa si mji ambao vyakula vimepanda bei. Mjukuu wa Mama Kasuba, Chola, yuko darasa la pili. Akishakunywa uji huo hali kitu tena mpaka nshima, ugali wetu wa jioni.

Mama Kasuba aliisoma barua mara mbili, akaketi juu ya kreti tupu. "Jamani, mtoto nimemnyima mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu huuhuu."

Tulimwambia kosa ni letu sote. Hakutaka kusikia. Akataka tuseme ukweli leo, mbele yako. Mwenyekiti wetu akaingiwa na hofu.

"Mama, utamwaibisha mgeni! Watatunyang'anya cheti."

"Wakichukue. Aibu ya mgeni itaishia garini. Njaa ya Chola je?"

Ndiyo maana risala hii iliandikwa upya jana.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi ya choo na taa. Tumeyafuta, limebaki moja: cheti ukipenda kichukue, watoto waachie uji wao. Hatukulaumu kwa ulichosema redioni. Ulisema ulichoandikiwa, na sisi ndio tuliokiandikisha.

Sasa Mama Kasuba anakuletea zawadi. Ni fungu la kwacha tano, kama linavyouzwa leo. Tunakuomba ulipokee, ulihesabu hapahapa mbele yetu. Ukiona halitoshi kitoweo cha nyumbani kwako, utuwie radhi, Mheshimiwa. Mbasela hatuna. Safari hii tunaiomba kwako.

Mungu akufikishe salama, na watoto wako wasikose cha kuwekewa mezani.

Ni sisi,
Wauza Mboga wa Soko la Mulombwa

Imesomwa na Exildah Musonda, katibu, kwa kuwa Mama Kasuba amesema akisoma mwenyewe atalia.