Wasifu wa Bi Cheko, Aliyeuweka Mto Chini

Marehemu shangazi yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Cheko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, kitindamimba wa mpiga chapa na mkunga. Wanasema hata kulia kwake kulichekesha.

Alianza shule mwaka 1976. Akiwa darasa la tano alimwigiza mwalimu mkuu anavyopenga kamasi, bila kujua kwamba mwenyewe kasimama mlangoni. "Endelea," mwalimu akamwambia, "umeruka sehemu ya leso." Mwaka huohuo akapewa kuandika mchezo wa shule.

Mwaka 1991 aliajiriwa redioni kama mpiga taipu, na haikuchukua muda akawa mwandishi wa kichekesho cha kila Jumapili, "Mzee Kiboko na Mkewe". Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa sauti ya Mzee Kiboko. Kila kipindi kiliishia mke akichapwa. Na kile kipigo, hebu fikirieni, alikuwa Bi Cheko mwenyewe, kapiga magoti studio, anautwanga mto wa kochi kwa kandambili mbele ya maikrofoni! Mitaa mizima ilivunjika mbavu.

Mwaka 1995 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache.

Mwaka 2006 mwanamke mmoja alifika mapokezi ya redio, jicho limevimba, akaomba kuonana na mke wa Mzee Kiboko. "Nataka tu kumuuliza," alisema, "yeye anavumiliaje?" Bi Cheko akampeleka studio, akamwonyesha mto. Yule mama akautazama weee, kisha akauliza, "Kumbe yeye haumii?"

Jumapili iliyofuata, mke wa Mzee Kiboko alisema hewani, "Leo sikimbii." Kandambili haikusikika. Kipindi kikafutwa.

Tangu hapo Bi Cheko alisimama na kandambili ileile sokoni, nje ya mahakama na nje ya bunge, akidai sheria imhesabu mume anayempiga mkewe kuwa mhalifu kama wahalifu wengine. Alizomewa. Aliitwa mvunja ndoa, na wanawake wenzake pia wakamrushia nyanya. Mumewe aliulizwa, "Kwako nani mwanamume?" Akajibu, "Subirini niepue sufuria kwanza, nije niwajibu."

Lakini kaka yake alimwambia, "Umenifanya mnyama mbele ya watu walionipenda," akakata mguu. Hilo lilimuuma kuliko nyanya zote. "Sheria nitaipata," alikuwa akisema. "Kaka, sijui."

Sheria ilipita mwaka 2017. Kaka hakuja kumpongeza.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Wiki yake ya mwisho hospitalini, mlango ulifunguka, akaingia kaka.

"Umekuja kunichapa?"

"Nimesahau kandambili."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha kaka akaangua kilio, kamasi juu, na Bi Cheko akamfuta kwa shuka. "Wewe nawe," akamwambia, "umeruka sehemu ya leso."

Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na kaka yake. Ule mto wa studio, kumbe kaka alikuwa nao miaka yote. Leo asubuhi ameuweka kwa mikono yake chini ya kichwa cha dada yake.

Pumzika kwa amani, shangazi. Sasa huo ni mto wa kulalia tu.