Mwalimu Sostenes Mayala, Aliyenyoosha Picha za Wengine

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, walimu wenzake na marafiki mliofika hapa Ushirombo leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, familia imeona ni haki yenu kuyasikia maisha ya mpendwa wetu Mwalimu Sostenes Mayala kama yalivyokuwa, na pale tusipokuwa na hakika tutasema kwamba hatuna, kwa maana yeye mwenyewe hakuvumilia sifa isiyo na ushahidi, hata ilipokuwa sifa yake.

Marehemu alizaliwa hapahapa Ushirombo tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayala Lukanda na Mama Paskazia, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na ingawa cheti chake cha shule kinaonyesha mwaka 1973, familia imeufuata mwaka wa cheti cha ubatizo, kwa sababu huo uliandikwa mama akiwa bado amembeba mgongoni, ilhali ule wa shule ulikadiriwa na mtu aliyemtazama kimo.

Alisoma shule ya msingi hapa Ushirombo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga hadi 1989, akahitimu ualimu mwaka 1992, na tangu hapo akafundisha Jiografia, kwanza Geita, kisha Kagongwa, na mwishowe Shinyanga mjini, Kata ya Kambarage, ambako wanafunzi wake wanakumbuka kwamba mtoto aliyechora ramani bila kuonyesha kaskazini alirudishiwa kazi yake bila kusahihishwa.

Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa takatifu na Justa, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Blessing, na Mungu akawajalia watoto watatu, Blessing, Davis na Noela, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 2014 alinunua kamera iliyokwishatumika, akaanza kupiga picha kila alikokwenda, mnada wa ng'ombe Kagongwa, pamba ikipakiwa, akina mama wakiponda mawe ya dhahabu, na miaka miwili baadaye akajiunga na kundi la wapiga picha wa kujifurahisha liitwalo Jicho la Jumapili, lililoanzishwa kwenye simu na Bwana Imran, mwenye duka la vifaa vya umeme pale Kambarage, ambamo kila Jumapili jioni mmoja huweka picha yake na wenzake huichambua, kwa sheria aliyoitunga marehemu mwenyewe, kwamba mwenye picha asijitetee mpaka wote wamesema.

Katika kundi hilo aliitwa Pimamaji, kama kile kifaa cha fundi mwashi, kwa sababu hakuacha picha ipite ikiwa upeo wa macho umeinama, na Bwana Abel, dereva wa lori, anakumbuka kwamba alipoweka picha ya machweo ya ziwani aliyoipiga safarini na kudhani ataimbiwa, mwalimu alimjibu maneno mawili tu, "Ziwa linamwagika."

Kuanzia Septemba mwaka jana picha za marehemu zenyewe zilianza kuinama, na watu waliokuwa wakimsubiri kwa miaka wakamshukia kwa furaha, Abel akaandika, "Shikamoo Pimamaji, leo umepimia gongo?" na Imran akaongeza, "Hiyo nyumba ya Kagongwa ishikeni, inateremka kwenda Isaka!" mpaka Bi Melania, muuza vitenge wa hapa Ushirombo, alipowakemea, "Muacheni mwalimu, nyie mnaona mstari, yeye anaonyesha mwendo," nao wakaitazama tena picha ile ya nyumba, wakaona kweli ina mwendo, na katika majuma yaliyofuata wakaanza kuinamisha kamera zao kwa makusudi ili wamfuate, huku wakimsifu kwa mtindo mpya, na marehemu, aliyefungwa na sheria yake mwenyewe, aliwaacha wote waseme, na walipomaliza hakusema kitu.

Kama alifahamu kwamba picha zimeinama, familia haijui, na hakuna aliye hai anayeweza kulithibitisha.

Linalothibitika ni kwamba mwezi Desemba alimpiga mkewe picha mbele ya nyumba yao, akiwa amevaa gauni la sikukuu, na katika picha ile Mama Blessing, aliyesimama kushoto, ana bega moja, sikio moja na nusu ya uso, akamuuliza, "Baba Blessing, umenikata nusu, kosa langu nini?" naye akaitazama picha kwa muda mrefu, akamjibu, "Mbona upo wote?" na Mama Blessing akadhani anadhihakiwa, akanuna hadi Mwaka Mpya.

Februari mwaka huu alijigonga kwenye mwimo wa kushoto wa mlango wa darasa na kuanguka mbele ya wanafunzi, akapelekwa hospitali Mwanza, ambako vipimo vilionyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo, na daktari akaeleza kwamba macho yake yalikuwa mazima, ila upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umeacha kumfikia, na kilichonyooka kwake kilikuwa kimeinama kwetu, akaagiza anayetaka kumsemesha mgonjwa akae kuliani kwake, na Mama Blessing akasogeza kiti.

Alifanyiwa upasuaji mwezi Machi, akapata nafuu kwa muda, hali ikabadilika mwezi Septemba, na Jumatano tarehe 12 Novemba, alfajiri, akaaga dunia.

Yamesemwa katika msiba huu kwamba marehemu alirogwa na wachimbaji wa dhahabu wa Geita kwa kupiga picha duara lao, yaani shimo wanalochimba, bila ruhusa, na familia imelipima dai hilo na kulikataa, kwa kuwa ruhusa aliiomba, picha zilizosafishwa aliwapelekea, na wachimbaji hao wamekodi gari kuja kumzika, wameketi pale nyuma.

Dai la pili ni zito zaidi, nalo Bwana Imran amelileta mwenyewe nyumbani Kambarage, akapiga magoti mbele ya mjane na kusema, "Mama Blessing, tuliona, wote tuliona, tukashangilia," naye Mama Blessing akamjibu, "Hata mimi niliona, Imran, nikanuna. Inuka."

Daktari, tulipomuuliza kama kuwahi kwa miezi mitano kungemponya, alisema kwa uvimbe wa aina ile hadhani, hakusema haiwezekani, na familia haitaongeza neno juu ya jibu hilo wala kupunguza, ila inatamka mbele yenu kwamba haimdai mtu yeyote, na inawaomba wana Jicho la Jumapili waliokuja na kamera wazinyooshe leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, walimu wenzake waliovishika vipindi vyake kwa miezi yote hiyo, majirani wa Kambarage waliokuwa wakikesha nasi, wachimbaji wa Geita, na kundi la Jicho la Jumapili, ambalo lilimpenda mwalimu wake kiasi cha kuinama naye.

Mwalimu Sostenes, asubuhi hii wapanga viti walimwekea mkeo kiti kushoto kwa jeneza lako, naye amekibeba mwenyewe, akazunguka, akakiweka kulia, na hapo ameketi sasa, yupo wote, pumzika kwa amani.